Fundi Makochi Aliyeiogopa Mbegu Yake

Baba yangu alikuwa fundi makochi, na kwa upande wa kazi sina neno baya la kumsema. Ungempelekea kochi lililobonyea, spring zimetoboa kitambaa na mbao zinalia kila mtu akikaa, angelivua nguo zote mpaka libaki mifupa. Angelifunga magunia mapya, aliwekee sponji, alivalishe, na siku ya kulichukua ungedhani umeuziwa jipya. Watu walimwita Sponji. Alikuwa mpole, hanywi, hapigi mtu. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani namchukia bure.

Alikuwa na tabia moja ya kikazi. Misumari yake midogo aliijaza mdomoni, akawa anaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi mpaka midomoni, anaudaka kwa nyundo yenye sumaku, anapiga. Mafundi wengi wa kazi hiyo hufanya hivyo ili mkono mmoja ubaki wa kuvuta kitambaa. Lakini baba aliigeuza kuwa namna ya kuishi. Ukimuuliza jambo asilolitaka, anatupia misumari mdomoni, na mtu mwenye misumari mdomoni humsumbui kwa maswali, anaweza kuimeza. Nimelelewa na misumari ile. Maswali yangu mengi kuhusu mama yangu yaliishia hapo.

Mama yangu alikufa kwa kansa ya mlango wa kizazi nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Baba akakaa peke yake kwa muda, kisha akaoa mwanamke mcheshi aliyekuwa akiuza vyombo vya plastiki. Huyo naye akaugua ugonjwa uleule, akaisha kwa namna ileile. Mtaani hakuna aliyengoja maelezo ya daktari. Mwanamume aliyezika wake wawili kwa ugonjwa mmoja hupangiwa maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake, na mjomba wangu, kaka wa mama, aliacha kabisa kuitikia salamu ya baba. Wanawake waliokuja kuulizia bei ya vitambaa walisimama nje ya kizingiti. Baba aliendelea kupiga misumari.

Watu hawakujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amejihukumu kuliko wao. Yule mke wa pili alipokuwa amelazwa, daktari mmoja kijana alimwita baba pembeni, kwenye korido, akamuuliza mke wa kwanza alikufa kwa nini. Baba akamwambia. Daktari akasema kuna wanaume wa namna hiyo, ambao wake zao hupata ugonjwa huu mmoja baada ya mwingine, na wataalamu wamelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Zamani, alisema, wapo waliozishuku mbegu za kiume zenyewe. Mbegu haishughuliki na yai tu. Ukiiweka kwenye sahani ya maabara pamoja na chembe za kawaida za mwili, chembe zisizohusika kabisa na uzazi, imewahi kuonekana ikizing'ang'ania, ikizipenya na kuuacha mzigo wake humo ndani. Wataalamu wale wakajiuliza kama chembe iliyoingiliwa hivyo haiwezi kuvurugika, ikaanza kujigawa ovyo mpaka ikawa kansa. Ni dhana, daktari alisema. Haijathibitishwa.

Neno dhana lilimpita baba kama upepo. Neno kupenya ndilo alilolishika, kwa sababu kupenya alikujua. Kutwa nzima mkono wake ulikuwa na sindano ndefu iliyopinda, ile inayoingia kwenye sponji huku huioni na kutokea unakotaka wewe, uzi ukabaki ndani. Aliondoka kwenye korido ile akiamini kwamba alikuwa amewatia wake zake wawili kitu kama hicho, kwa mapenzi na kwa ridhaa yao, na kwamba ndicho kilichowaua. Hakumwambia mtu yeyote. Mimi nilikuja kuyajua haya baadaye sana, nitakapofika nitasema ni lini na wapi.

Basi, mtu wa namna hiyo angekaa zake bila kuoa. Ningemheshimu mpaka leo.

Lakini akaja Mama Mdogo. Kwa haki alikuwa mama wa kambo, ila jina hilo halikumfaa, na mimi wakati huo nilikuwa mtu mzima, nina saluni yangu ya kusuka barabara ya nyuma, sikuwa mtoto wa kulelewa. Alikuja kama mshonaji. Baba alihitaji mtu wa kushona vifuniko vya mito na kuvalisha vifungo, naye alikuwa mjane asiye na mtoto, ana cherehani yake mwenyewe na mdomo wake mwenyewe. Siku ya kwanza tu alimnyoshea baba kipande cha kitambaa akamwambia, "Fundi, hiki ulikikata umefumba macho, au kuna mtu alikuwa anapita?" Baba akacheka mpaka misumari ikamtoka. Sikuwahi kuona jambo hilo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikapu cha sokoni, nikajua hapa pana ndoa.

Walioana kimyakimya. Karakana ilikuwa mbele, vyumba viwili nyuma, ukuta mmoja katikati. Mchana walifanya kazi bega kwa bega, baba akikata na Mama Mdogo akishona, wanataniana, wanalishana karanga. Jioni Mama Mdogo alitandika kitanda cha chumbani. Baba alijilaza kwenye kochi la watu watatu lililokuwa karakana, ambalo mteja hakurudi tena kulichukua. Alisema ni mgongo. Miaka ya kuinama imemharibu, alisema, godoro linamuua, kochi linamshika vizuri. Mwanamke mwenye akili zake atakubali mgongo kwa wiki, kwa mwezi. Sponji aliusingizia mgongo ule mwaka baada ya mwaka. Hakulala na mkewe hata usiku mmoja.

Niliyapata haya saluni. Watu wanadhani siri zinatolewa ukimkazia mtu macho. Mimi nakwambia mlaze mtu kichwa kwenye beseni, mmwagie maji ya vuguvugu, afumbe macho, atakwambia yote. Mama Mdogo aliniambia povu likiwa masikioni.

"Mwanangu, wewe ni mtu mzima, nikuulize. Baba yako ana mwanamke nje?"

"Baba? Muda wenyewe anautoa wapi?"

"Basi mimi nina kasoro gani?"

Nikamuuliza kasoro ya nini, akanieleza. Hakuwahi kuguswa. Si kwamba mara moja moja. Hakuwahi. Mwanzoni alijipamba, akanunua gauni jepesi la kulalia, akajitia manukato. Baba alimtazama kwa macho ya mtu mwenye njaa, akamwambia lala salama, akaenda kwenye kochi lake. Baadaye akaacha kujipamba. Akaanza kujitazama. Alidhani ananuka. Alidhani mwili wake una kitu ambacho marehemu mumewe alikivumilia na huyu ameshindwa. Na mtoto aliyekuwa akimtamani alimsindikiza kwa macho, kila mwezi, mpaka hedhi yenyewe ilipoanza kuruka.

"Muulize," nikamwambia.

"Nilimuuliza. Akatia misumari mdomoni."

Nilikasirika siku ile, ila nilikasirikia kisichokuwepo. Nilidhani baba amechoka, au amekufa kiume na anaona aibu. Wanaume wangapi hujificha nyuma ya mgongo kwa sababu hiyo. Nikamwambia Mama Mdogo asijitese, kosa si lake. Nilimwambia kweli, ila kwa sababu ya uongo.

Mwaka uliofuata gari la zahanati lilipita mtaani na kipaza sauti, likiwaita wanawake wakapimwe mlango wa kizazi. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: wanakupaka siki, wanakuangalia, wakiona doa jeupe wanakueleza, na mara nyingi wanaliondoa palepale kabla halijawa kitu cha kutisha. Mimi niliyemzika mama yangu na kuhudhuria mazishi ya yule wa pili sikusubiri kuitwa mara mbili. Nilipima nikaambiwa niko salama, nikaenda moja kwa moja karakana kumchukua Mama Mdogo. Alikuwa tayari amevua utepe wa kupimia shingoni, anatafuta viatu.

Baba alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi. Akauliza, "Mnakwenda wapi?"

"Kwenye gari," Mama Mdogo akasema. "Wanapima."

"Wewe huna haja."

"Kwa nini sina haja?"

"Yale ni ya wanawake wenye waume." Akajisahihisha haraka, lakini neno lilikuwa limeshatoka. "Namaanisha, wanaoishi na waume zao kama waume. Wewe uko salama. Niamini mimi, wewe huwezi kupata kitu."

Alilisema kwa upole, tena kwa furaha kidogo, kama mtu anayekupa zawadi. Leo naelewa kwamba ndiyo ilikuwa zawadi yenyewe. Kwa akili yake alikuwa amempata mwanamke, akampenda, akakaa naye nyumba moja, na hakumtia kitu. Alikuwa ameushinda ugonjwa kwa kulala kwenye kochi. Kumpeleka mkewe kupimwa kungekuwa kukitilia shaka kitu pekee maishani alichokuwa na uhakika nacho.

Mama Mdogo aliviweka viatu chini. Akavaa tena utepe shingoni, akakaa kwenye cherehani. Nilimvuta mkono, akajitoa.

"Nitawaambia nini?" akaninong'oneza. "Wakiniuliza nalala na nani, niwaambie nalala na ukuta? Mume wangu mwenyewe amesema hadharani kuwa sina mume. Niache, mwanangu, nina mito ya kumaliza."

Gari likaondoka na kipaza sauti chake.

Damu ilimwanza baada ya hapo, sijui baada ya muda gani, kwa sababu aliificha. Hedhi ilikuwa imeshakatika, kwa hiyo alijua si damu ya mwezi. Alijisitiri kwa mabaki ya vitambaa vya makochi, vile vipande vya pembeni visivyofaa hata kifungo, akavifua mwenyewe na kuvianika ndani. Alimficha baba, na kumficha baba hakukuwa kazi, kwani nani alikuwa akiingia chumba kile? Mimi ndiye niliyegundua, siku nilipokwenda kumsuka nyumbani kwa sababu alisema kiuno kinamuuma hawezi kutembea. Harufu ilinipokea mlangoni. Niliijua. Ilikuwa harufu ya chumba cha mama yangu.

Hospitali tulikwenda watatu. Baba alivaa shati la kutokea, akakaa kwenye benchi mikono juu ya magoti, anarudia kusema haiwezekani. Alimwambia muuguzi wa mapokezi, alimwambia mlinzi. Majibu yalipotoka tuliingizwa kwenye chumba cha muuguzi mmoja mama mtu mzima, mwenye miwani na sauti ya chini, akatueleza kwamba ni kansa ya mlango wa kizazi, na kwamba imeshatoka ilipoanzia, imesambaa nyongani.

"Haiwezekani," baba akasema. "Mimi sijamgusa."

Muuguzi akamwangalia. Mama Mdogo akainamisha kichwa, aibu ilimpanda mpaka masikioni, mbele ya mtu baki.

"Sijawahi kumgusa," baba akaendelea, na hapo ndipo yalipomwagika, yote niliyokwisha kuyasimulia: korido, daktari kijana, mbegu inayopenya chembe. Mfukoni hakuwa na misumari. "Mimi mbegu yangu ndiyo yenye ugonjwa. Imeua wawili. Ni kama ile sindano yetu iliyopinda, mama, inaingia huioni, uzi unabaki. Huyu sikumtia. Huyu nilimwepusha."

Muuguzi alivua miwani. "Baba, hayo ya mbegu na chembe watu waliyachungulia maabara, na hakuna aliyeyathibitisha kuwa ndiyo yanayoleta kansa hii. Kansa hii karibu yote inaletwa na kirusi. Kinapita watu wakikutana kimwili, mwanamume anaweza kukibeba asijue, na mwanamke kinaweza kumkalia kimya miaka na miaka ndipo kimharibu. Inawezekana wewe ulikibeba kwa wale wa kwanza. Hilo siwezi kukuhakikishia wala kukukatalia. Lakini huyu mama alishaolewa kabla yako, sivyo?"

Mama Mdogo akaitikia kwa kichwa.

"Basi huenda alikuja nacho."

Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo nilipoachana na baba yangu moyoni. Mkewe amekaa pembeni yake, ametoka kuambiwa ana kansa iliyosambaa. Na baba uso wake ulifunguka. Mabega yalimshuka. Akauliza, kwa sauti ndogo yenye matumaini:

"Kwa hiyo huyu si mimi?"

"Si wewe uliyemwambukiza," muuguzi akasema. "Ila kama angepimwa mapema, tungeliona doa likiwa bado doa. Mwanamke yeyote aliyewahi kuwa na mwanamume apimwe, hata kama sasa analala peke yake. Hakuna aliyewahi kuwaambia?"

Baba alipapasa mfuko wake mtupu.

"Yule daktari aliniambia," baba akasema. "Alisema mambo ya kirusi pia. Alisema nikioa tena nimlete apimwe. Nikaona, kama simgusi, ya nini?"

Mama Mdogo aligeuka. Hakupandisha sauti. Alimtazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, anapotafuta pa kuanzia kukitengeneza na hapaoni.

"Kumbe ulikuwa na sababu," akasema. "Miaka yote hii ulikuwa na sababu, fundi, ukaniacha nikaitafute kwenye kioo."

Baba akasema, "Nilikuwa nakupenda, mke wangu."

"Najua. Sasa najua."

Alipangiwa mionzi katika hospitali kubwa, akasubiri zamu pamoja na wengine wengi, akaenda, akarudi amekauka na amechoka. Daktari wa huko alitueleza bila kuzunguka kwamba wanampunguzia maumivu na damu, hawamponyi. Nilifunga saluni asubuhi zote nikawa naye. Nilimpikia uji, nikamfulia. Vitambaa vya makochi nilivichoma moto nyuma ya nyumba.

Na baba? Baba alizaliwa upya. Sina namna nyingine ya kulisema. Mzigo aliobeba tangu kifo cha yule wa pili ulikuwa umemshuka, kwa nusu au robo, na mikono ikamfunguka. Aliingia chumba kile bila kubisha hodi. Alimkatia sponji mpya laini ya kulalia. Alitaka kumshika mkono, kumpapasa nywele, kumnyanyua. Alihamisha shuka zake kutoka karakana akazikunja miguuni mwa kitanda, akawa anasubiri kuambiwa. Jirani mmoja alinipongeza kwa kuwa na baba anayempenda mkewe namna ile. Nilimwambia asante.

Asubuhi moja nilikuwa namchana Mama Mdogo nywele zilizobaki, baba akaingia na beseni. Amekunja mikono ya shati, ana sabuni na kitambaa kipya bado kina alama ya chaki. Maji yalikuwa yanatoa mvuke.

"Mama, pumzika," akaniambia. "Leo nitamwosha mimi."

Mama Mdogo alifungua macho. "Huogopi?"

"Siogopi tena."

"Hilo ndilo linaloniuma," akasema. Alikuwa akipumua kati ya maneno. "Ulipokuwa unaogopa ndipo nilipokutaka. Ungekuja na woga wako tukaogopa wote wawili. Sasa umeambiwa si wewe, umekuja na maji ya moto."

"Mke wangu..."

"Weka beseni, fundi. Mwanao ataniosha."

Baba alisimama. Nilidhani atabisha, na nusu yangu ilitaka abishe, ampigie magoti, alie, afanye kitu chochote ambacho hakukifanya wakati kilipohitajika. Aliliweka beseni sakafuni taratibu asimwage, akatoka, akaurudisha mlango bila kuufunga.

Nilimgeuza Mama Mdogo ubavu, nikamteremsha gauni mabegani. Ulikuwa mgongo mzuri, hata katika hali ile, mpana juu na laini katikati, na mwanamume aliyeuoa hakuwahi kuuona. Niliukosha polepole, nikaurudia, mpaka maji yakapoa. Nyuma ya mlango baba alikuwa amekaa chini. Nilimsikia akivuta pumzi, akingoja nimwite aingie. Nilikuwa na nafasi ya kumwita. Sikumwita.